Kasuku wangu manyoya ya bawa na mkia yamevunjika, niving'oe visiki au niache?

mkia_mwekundu

Wakuu habari, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na kasuku. Ninaye kasuku wa kijivu anaitwa Chiku, nimeachiwa na mtu aliyekuwa anahama. Kelele anazo, hamu ya kula anayo, anaita watu wote wa nyumbani kwa majina hadi wale anaowachukia, ila manyoya yake jamani. Mkia ule mwekundu karibu wote umekatika katikati na yaliyobaki yamefumuka pembeni. Bawa la kulia ndo balaa zaidi, aliyekuwa naye alimkata mabawa na alikata vibaya, kuna visiki vina ncha kali na kila nikimtazama nakuta anavitafuna. Halafu katikati ya hivyo visiki kuna unyoya mmoja mpya unaota, shina lake chini ni jeusi jeusi lenye ubluu na juu kuna ganda jeupe linabanduka banduka.

Sasa ushauri ninaopewa unanichanganya kichwa. Ndugu yangu anayefuga kuku anasema ng'oa vyote siku moja, vitaota vipya. Mwingine anasema nipake mafuta ya nazi ili yalainike yasikatike. Mwingine eti kuna gundi. Mimi naogopa maana nikigusa tu hilo bawa anapiga ukunga na kidole changu hakibaki salama.

Naomba kujua, niving'oe au niache? Hivo vilivyovunjika vinamuuma? Na kwa nini manyoya mapya yakitoka yanakatika tena, maana niliambiwa hii sio mara ya kwanza?

bawa_kijani

Ng'oa tu mkuu. Unashika na koleo karibu na ngozi unavuta mara moja, mimi bajeriga wangu, wale kasuku wadogo, nilimng'oa mmoja wa mkia na ukaota fasta tu. Usimwonee huruma sana ndege hawa wagumu.

fundi_tundu

Hapana, hapana, mkia_mwekundu tafadhali weka hiyo koleo chini kwanza. Na bawa_kijani usinune ndugu yangu, lakini unyoya wa mkia wa bajeriga na unyoya mkubwa wa bawa la kasuku wa kijivu ni vitu viwili tofauti kabisa. Yale manyoya marefu ya kurukia mizizi yake inaenda hadi kwenye mfupa, imeshikwa pale kwa nguvu maana ndo yanayobeba uzito wa ndege angani. Ukivuta kwa koleo ndege akiwa macho unamuumiza vibaya, unaweza kuchana lile shimo la ngozi unyoya unapoota, na shimo likiharibika unyoya unaofuata unatoka umepinda, au unajikunja ndani kwa ndani ukawa uvimbe, au hautoki tena milele. Mfupa wenyewe unaweza kuvunjika pia, ile mifupa ni myembamba.

Sasa kuhusu kuuma. Unyoya uliokomaa umekufa, ni kama ukucha wako ukikatika, hauna damu wala mshipa wa fahamu ndani. Kwa hiyo vile visiki vya zamani vyenyewe haviumi. Kinachomsumbua ni ncha, inamchoma ubavuni akifunga bawa, ndo maana anatafuna. Kile kisiki kitakaa hapo hapo hadi kasuku apukutishe, yaani abadilishe manyoya, mwili wenyewe utakisukuma nje na unyoya mpya utakuja nyuma yake. Hapa ndo watu wanapokosa subira. Kasuku hapukutishi yote kwa mkupuo, bawa lina manyoya makuu 10 na kasuku huanzia ya katikati halafu anaenda pande zote mbili, moja moja, ili asikose kuruka. Kasuku mkubwa kumaliza bawa zima anaweza kuchukua mwaka na zaidi. Mkia una manyoya 12, wenyewe nao unaenda kwa zamu.

Huo mwingine, mweusi mweusi chini, HUO USIUGUSE. Huo ni unyoya wa damu. Unapoota unalishwa na damu inayopita ndani ya shina, huo weusi unaouona ni damu yenyewe. Ukimaliza kukua damu inarudi chini, shina linakuwa jeupe na tupu, ganda linabanduka, hapo unakuwa umekufa sasa. Kabla ya hapo ni kitu hai, ukivunjika unatoka damu na unauma kweli. Ndo maana anapiga ukunga ukishika bawa, anaulinda.

Na ndo jibu la swali lako la mwisho pia. Kasuku aliyekatwa mabawa, unyoya mpya unatoka peke yake, hauna jirani mrefu kushoto wala kulia wa kuukinga. Kwa kawaida unyoya mchanga unakua umebanwa katikati ya wenzake waliokomaa, wao ndo wanaopokea kishindo. Wako unatoka uchi kabisa halafu ndege mwenyewe hawezi kuruka, anarukia mahali anaanguka kifudifudi, anajishika na bawa sakafuni, unyoya unavunjika. Mwezi mwingine unatoka mwingine, hadithi ile ile. Kwa hiyo usihangaike na kisiki, hangaika na kuanguka. Shusha vijiti vya kukalia viwe chini, sakafu ya tundu na chini ya mahali anapopenda kukaa tandika taulo nene au mkeka laini, mwekee ngazi au kamba apande badala ya kuruka. Kipindi hicho cha unyoya wa damu usimfanyie mchezo wa kumrusha rusha mkononi.

Mafuta ya nazi acha kabisa. Mafuta yakiingia kwenye manyoya yanashikana, hewa haikai tena, ndege anapata baridi, na atayalamba kutwa nzima akijichambua.

bawa_kijani

Sijanuna mkuu, nimejifunza. Ila swali, hizo ncha kali zinazomchoma anaachiwa hivo hivo mwaka mzima? Si atajinyonyoa?

fundi_tundu

Swali zuri. Ncha ya unyoya ULIOKUFA unaweza kuipunguza. Mtu mmoja anamshika kwenye taulo, wa pili anaangalia shina dhidi ya mwanga, akihakikisha ni jeupe na tupu hadi chini, halafu kwa mkasi mkali anakata pale penye mchongoko pawe sawa, basi. Usikate karibu na ngozi, na kama shina lina kivuli chochote cha weusi achana nalo. Mkasi butu unapasua shina kwa urefu, unakuwa umetengeneza ncha mbili badala ya moja. Wengine wanasugua na tupa ndogo ya kucha, inafanya kazi vizuri kama ndege amezoea kushikwa.

Ila kwa kasuku mgeni ambaye bado hakuamini, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua ndege akafanye yeye. Usianze urafiki wenu kwa kumkunja kwenye taulo.

Na kitu kimoja kuhusu kumshika, ndege hana ule msuli wa kupumulia tulio nao sisi chini ya mapafu, anapumua kwa kupanua na kushusha kifua chote. Ukimbana kifua unamkosesha pumzi hata kama pua iko wazi. Shika kichwa na miguu, kifua kiachie.

mama_koketi

Naongezea hapo kwenye unyoya wa damu maana watu wanasoma wanapita hadi siku yawakute. Mimi nina koketieli, kasuku mdogo mwenye kishungi, na hawa wana kitu cha kushtuka usiku, gari likimulika dirishani au paka akipita basi anaruka gizani anajigonga tundu zima. Siku hiyo nimewasha taa nakuta ukuta una madoadoa mekundu, karatasi chini limelowa, yeye yuko kwenye kona bawa amelishusha, na kwenye shina lililovunjika katikati tone linajaa, linaanguka, linajaa lingine. Linaanguka taratibu tu lakini halikomi. Moyo ulinienda mbio, nawaambia.

Nilichofanya, nikamfunika taulo nikamtoa, nikachukua unga laini wa wanga wa mahindi ule wa kupikia, nikaubana kwenye ncha ya shina kwa vidole na kitambaa safi, nikashikilia bila kuachia achia kuchungulia. Ukichungulia kila mara unabandua ile damu iliyoanza kuganda. Ikakoma. Halafu nikamweka kwenye kitundu kidogo cha kusafiria, bila vijiti vya juu, nikakifunika nusu pakawa na kiza ili atulie asipigepige mabawa, nikakaa naye hapo. Asubuhi daktari, akaangalia, akasema uachwe ukauke.

Zile poda za kuzuia damu za kucha zinazouzwa kwenye maduka ya wanyama zinafaa kwenye ncha ya shina au ukucha tu, usimimine kwenye ngozi wala kwenye shimo la unyoya, zinachoma.

Na usijidanganye kwamba damu ni kidogo tu, piga hesabu. Damu ya ndege ni kama asilimia 10 ya uzito wake. Kasuku wa kijivu wa gramu 400 ana mililita 40 hivi mwilini. Bajeriga wa gramu 35 ana mililita 3 na kitu, hiyo ni chini ya kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo damu isipokoma baada ya kubana dakika chache, au ikikoma ikaanza tena, au ndege anakaa chini ya tundu kajikunyata, usisubiri asubuhi.

mkia_mwekundu

Aisee asanteni sana, kumbe ningeua. Mama_koketi umenitisha ila afadhali, wanga wa mahindi nimeshauweka pembeni ya tundu.

Nimeangalia vizuri leo akiwa anajinyoosha kwenye dirisha. Unyoya mmoja wa mkia ulidondoka nikauokota, ukiushika dhidi ya mwanga una mistari mistari inayopita kwa upana, myembamba, kama sehemu ya unyoya imekosa rangi, na umekatika hasa kwenye mstari mmojawapo. Hiyo ni nini? Ni wadudu? Chakula alichokuja nacho ni mfuko wa mbegu za alizeti, aliyeniachia alisema hali kitu kingine.

daktari_mstaafu_wa_nyumbani

Jina ni utani, mimi sio daktari, ila nimelea kasuku wa kila aina hadi nimechoka.

Sio wadudu. Hiyo mistari ni kumbukumbu ya shida. Unyoya unakua toka chini kwenda juu kidogo kidogo kila siku, sasa siku ndege akipatwa na kitu kizito, ugonjwa, njaa, hofu kubwa, kuhamishwa, ile sehemu iliyokuwa inatengenezwa siku hizo inatoka dhaifu. Unyoya ukimaliza kukua unaona mstari. Unapokatika, hapo hapo ndo unakatika. Manyoya machache yenye mstari mmoja mmoja sio ajabu kwa ndege yeyote, ila ukiona manyoya yote ya bawa na mkia yamejaa mistari ujue chakula au maisha yake hayako sawa kwa muda mrefu, na kwako wewe jibu limeshajitaja lenyewe, ni huo mfuko.

Unyoya karibu wote ni protini. Ndege anapopukutisha anatengeneza mavazi mapya ya mwili mzima kwa kile anachokula, na alizeti ni mafuta mengi, kalsiamu kidogo sana, vitamini A hakuna ya maana, na zile protini za kutengenezea unyoya ni pungufu. Kasuku wa kijivu hasa ndo anaongoza kwa kupungukiwa kalsiamu, wengine inafika hadi wanaanguka kifafa. Kwa hiyo mhamishie taratibu kwenye peleti, vile vidonge vya chakula kamili vilivyotengenezwa kwa ajili ya kasuku, ziwe sehemu kubwa ya chakula, na mboga kila siku, karoti, boga, kiazi kitamu cha kuchemsha, majani mabichi ya kijani kilichokolea. Yai lililochemshwa kipande kidogo mara moja moja wakati wa kupukutisha linasaidia. Parachichi usimpe hata kidogo, na chokoleti pia, ni sumu kwake.

"Hali kitu kingine" hiyo ni kauli ya kila mtu anayempa kasuku alizeti, huyo ndege anakupima tu. Lakini usimkatie ghafla ukadhani akisikia njaa atakula, kasuku mkaidi anaweza kukaa na njaa hadi akaumwa kweli mbele ya bakuli lililojaa. Asubuhi akiwa na njaa weka peleti na mboga kwanza, mbegu jioni, unapunguza pole pole. Nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, mpime kila asubuhi kabla ya kula, uzito ukianza kushuka rudi nyuma hatua moja. Kula mwenyewe mbele yake pia, kwa mbwembwe, wanaona wivu hawa.

Usikimbilie matone ya vitamini ya kuweka kwenye maji. Yanaozesha maji, yanabadilisha ladha ndege anaacha kunywa, na vitamini A ikizidi inadhuru pia.

Manyoya yaliyokwisha kuota hayatapona kwa chakula, hilo ulijue mapema usije ukakata tamaa. Utaona matunda kwenye yale yatakayoota kuanzia sasa.

jicho_kali

Mimi naomba tusikimbie kabla hatujajua kama hii ni kuvunjika tu au kuna kitu kingine. mkia_mwekundu, mwangalie kichwani. Kichwani mwake mwenyewe mdomo haufiki, kwa hiyo kama kichwa kina manyoya safi kabisa na mwili na mabawa ndo yamechakaa, basi anayeharibu ni yeye mwenyewe au tundu. Kama na kichwani manyoya ni mabovu, hapo ni ugonjwa au kuna ndege mwingine anamchuna.

Angalia pia manyoya mapya yanatokaje. Kuna ugonjwa wa virusi wa kasuku unaoshika manyoya na mdomo, dalili zake ni manyoya mapya kutoka yamepinda, yamebanwa kiuno karibu na ngozi, ganda haliachii, damu imekaukia ndani ya shina, yanadondoka kabla ya kukua. Kakatua na kasuku wa kijivu ambao kawaida wana unga unga mweupe mwilini wanaacha kuwa nao, mdomo unakuwa mweusi wa kung'aa badala ya kijivu kilichofifia. Dawa ya kuuponya haipo, kinachofanyika ni kipimo cha damu na unyoya maabara. Unaambukiza kasuku wengine kupitia vumbi la manyoya na kinyesi, kwa hiyo kama una kasuku mwingine nyumbani na huyu ni mgeni, watenganishe vyumba hadi majibu yatoke.

Sisemi Chiku anao, maana unyoya wake mpya kwa maelezo yako unaonekana wa kawaida tu. Lakini kasuku aliyebadilisha mikono bila karatasi yoyote mimi nampima, wala sijadili.

Na tundu lenyewe. Kaa chini umtazame akiwa amekaa kwenye kijiti chake anachokipenda, mkia unagusa wapi? Watu wanaweka kijiti karibu na nondo, kila akigeuka mkia unasuguliwa kwenye chuma, siku nzima, mwaka mzima. Sogeza kijiti katikati, na upana wa tundu uwe anaweza kufungua mabawa yote mawili na kugeuka bila kugusa upande wowote. Kama nondo zimepigwa rangi inayobanduka au chuma kilichochovywa zinki na yeye anakitafuna, badilisha, zinki ni sumu.

mkia_mwekundu

Kichwa kiko safi kabisa, laini. Unga anao, akijikung'uta kwenye mwanga unaona vumbi na shati langu jeusi ndo shahidi. Mdomo haung'ai. Mkia kwa kweli unagusa nondo, tundu ni la duara dogo, nimeona aibu hata kulipiga picha. Kasuku mwingine sina. Kipimo nitaomba.

Hiyo ya gundi ndo hamjanijibu, ni kweli au masihara?

mwana_kozi

Sio masihara. Sisi tunaofuga kozi na vipanga wa kuwindia hiyo kazi ni ya karne na karne, kozi akivunja manyoya hawindi kwa hiyo watu walitafuta njia tangu zamani. Unachukua unyoya mzima uliodondoka wakati wa kupukutisha, wa ndege wa aina hiyo hiyo, upande ule ule wa bawa na nafasi ile ile, namba tatu kwa namba tatu. Unakata kisiki pale ambapo shina ni tupu na limekauka, unakata unyoya wa kuongezea urefu unaolingana, katikati unachomeka kijiti chembamba cha mwanzi au cha kaboni kilichochongwa kikaingia pande zote mbili, unatia tone la gundi ya epoksi, unaweka karatasi chini ili gundi isiguse manyoya ya jirani, unanyoosha unyoya uelekee kama wenzake, unasubiri ikauke. Ikifanywa vizuri ndege anaruka siku hiyo hiyo na huoni kiungo mpaka uambiwe kilipo. Wakati wa kupukutisha ukifika kisiki kinadondoka na unyoya wake wa kuazima, mpya unakuja.

Kwa kasuku inafanyika, madaktari wa ndege wanaifanya, na kwa hali ya Chiku ina faida kubwa kuliko hata kuruka, yale manyoya ya kuazima yanakuwa ndo wale majirani ambao fundi_tundu amewataja, yanaukinga unyoya wa damu usivunjike tena. Lakini mambo matatu yananifanya nikwambie usijaribu nyumbani. Kasuku ana mdomo na ana akili, kozi ukimfunika macho anatulia, kasuku anataka kujua unafanya nini na akimaliza kujua anakibomoa, kwa hiyo kwa kawaida anapewa nusukaputi. Gundi ikigusa ngozi au ikamwagikia manyoya mazima umeongeza tatizo. Na unyoya wa ndege usiyemjua unaweza kuleta hicho kirusi alichokitaja jicho_kali, kwa hiyo uwe wa ndege aliyepimwa, na bora zaidi uwe wa kwake mwenyewe.

Halafu usiagize manyoya nje ya nchi mtandaoni. Kasuku wa kijivu yuko Kiambatisho cha I cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, tangu 2017, na hiyo inahusu viungo vyake pia, sio ndege mzima tu. Bila vibali ni kesi.

Kuna kitu kidogo unaweza kufanya mwenyewe. Yale ya mkia ambayo yamepinda tu bila kuvunjika, na yaliyofumuka pembeni, mengine yanarudi yenyewe kwa maji. Unyoya pembeni una vijinyuzi vyenye vindoano vidogo sana vinavyoshikana, vikiachana ndege anavipitisha mdomoni na vinashikana tena. Akiwa mkavu na mchafu hawezi. Akilowa atakaa saa nzima anajichambua, utaona tofauti.

mama_koketi

Hapo kwenye maji ni kweli kabisa. Mpulizie maji safi ya vuguvugu kwa chupa ya kupulizia, ukungu mwembamba uelekee juu umshukie wenyewe, usimlenge usoni atakuchukia. Mara chache kwa wiki, mchana ili akauke kabla ya kulala. Sabuni hapana, shampuu hapana, manukato hapana. Mashine ya kukaushia nywele pia hapana, baadhi zina ndani ule utando wa kuzuia kugandisha na moshi wake ukipata moto unaua ndege haraka sana, na huyo Chiku hazihitaji, atajikausha.

Kama kuna mtu anavuta sigara nyumbani anawe mikono kabla ya kumshika, nikotini ikibaki kwenye vidole inamwasha ngozi na ndo mwanzo wa kujinyonyoa.

Na usiku mwachie kiza na utulivu kwa muda wa kama masaa 10 hadi 12. Akishtuka shtuka gizani weka taa ndogo hafifu karibu na tundu.

bawa_kijani

Na kuhusu mabawa, akishaota vizuri akatwe tena au aachwe? Maana kuna wanaosema akiwa na mabawa mazima anatoroka.

fundi_tundu

Mimi msimamo wangu unajulikana humu, simkati. Kasuku wa kijivu ni mzito wa kifua, ukimkata sana hatelezi hewani, anadondoka, wengine wanapasuka ngozi ya kifua pale kwenye mfupa. Dirisha lenye wavu na mlango unaofungwa vinazuia kutoroka, mkasi hauzuii, ndege aliyekatwa akipata upepo nje bado anaenda na hajui kurudi. Wapo watakaonipinga, wana sababu zao, ila kwa huyu ambaye tayari kaharibika sioni hata mjadala.

mkia_mwekundu

Sawa wakuu. Nimetandika, vijiti vimeshuka, tundu kubwa la mraba nimelipata linaletwa. Maji nimempulizia leo mchana, mwanzo alinitukana kwa sauti ya yule jamaa aliyehama, neno kwa neno, baadaye akafungua mabawa yote akajigeuza pande zote kama anayedai zaidi. Daktari wa ndege nimempata, kaniambia nimlete akamwone pamoja na kipimo, na hizo ncha atazipunguza mwenyewe. Unyoya wa damu bado mzima, umeongezeka.

mwana_kozi, hayo manyoya yanayodondoka niyaweke basi? Yaliyo mazima namaanisha, hata yale ya bawa la kushoto ambalo ni zuri?

mwana_kozi

Weka yote mazima, usitupe hata moja. Yafute vumbi, yakauke, yaweke kwenye bahasha ya karatasi pakavu, sio mfuko wa nailoni maana yakibaki na unyevu yanaota ukungu. Angalia kama kuna wadudu wa nguo wanaokula manyoya, wanayamaliza hadi shina. Andika tarehe na upande hapo hapo ulipookota. Ukisahau upande, shika unyoya wa bawa mgongo wake ukiwa juu na ncha ikielekea mbali na wewe, ule upande mwembamba ndo unaokata hewa mbele, ukiwa kushoto kwako unyoya ni wa bawa la kulia, ukiwa kulia ni wa kushoto. Ya kushoto hayatakusaidia kwa bawa la kulia, yanapinda kinyume, lakini yaweke tu, bawa la kushoto nalo lina siku yake.